Vipimo Viwili vya Kimya

Kaka mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, na kabla sijasema lolote naomba kwanza nikujulie hali. Kichwa kinauma bado? Wifi aliniandikia kwamba unaamka na maumivu juu ya nyusi, na kwamba unafumba jicho moja, kisha jingine, ukitazama kalenda ya ukutani. Yeye mwenyewe hajambo? Na mwanao, Kifurushi wetu, ameota jino la nne, au bado anawatesa na lile la tatu? Wasalimie wakwe zako. Waambie shuka walizonitumia Mama amezitandika kitandani kwake siku ile ile, mimi sijazigusa hata ncha.

Sisi huku tu wazima, au niseme tunajikongoja. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo haujambo kabisa. Juzi alimgombeza fundi bomba aliyekuja mara tatu kuziba bomba lile lile, mpaka mtu mzima akaomba maji ya kunywa. Kila jioni ananiuliza kama umeandika. Jana aliniuliza tena tukiwa tunakunja nguo, nikamjibu kwamba posta inachelewa, kisha nikainama kuokota kibanio ambacho wala hakikuwa kimeanguka. Siku hizi simwangalii Mama usoni kwa muda mrefu.

Kaka, hii ni barua ya tano. Nne za kwanza nimezichana. Naandika nikiwa katika chumba cha kuhifadhia ala, pale nyuma ya jukwaa, karatasi nimeilaza juu ya kifuniko cha kinanda changu. Ni Jumapili mchana, hakuna mtu isipokuwa mfagiaji, naye kila akipita mlangoni nashtuka kama mwizi. Mkono unanitoka jasho, wino unatawanyika. Ukiona doa usidhani nalia, kulia nilishalia wiki iliyopita. Nakuomba jambo moja tu kabla hujaendelea: usimpe mtu yeyote matoazi yako mpaka umefika mwisho wa barua hii. Wifi ameniambia kuna mtu wa bendi ya shule anakuja kuyatazama. Mwambie asubiri. Alhamisi saa nne asubuhi kamati ya okestra inakaa kusoma barua yako ya kujiuzulu, na mpaka hapo hakuna lililoamuliwa.

Nianze na habari nyepesi, nikusanye nguvu. Nafasi yako imeshikwa kwa muda na yule mpiga ngoma kubwa, ambaye anayapiga matoazi kama mtu anayefunga mlango baada ya kugombana na mkewe. Mzee wa Fimbo anakunja uso kila mara. Unajua kiongozi wetu halipendi jina hilo, na ndiyo maana halijafa. Wiki iliyopita alisimamisha mazoezi akasema kwamba matoazi siyo ugomvi, na watu wote wa nyuma wakageuka kutazama ile nguzo unayosimama karibu nayo. Hapakuwa na mtu pale. Mpiga filimbi aliniambia baadaye kwamba ukumbi umekuwa mkubwa tangu uondoke. Nilimjibu kwamba nina haraka, nikatoka.

Kinanda nacho kina mambo yake. Kibonyezo kimoja cha juu kiligoma, nikafungua ubavu nikakuta kinyundo kimechomoka kwenye kishikizo chake, kimelala chali juu ya kibao cha chuma. Bila wewe kunishikia taa ilinichukua saa mbili. Nilikuwa nakusikia masikioni ukikiita sanduku la vijiko, ukisema kwamba mtu aliyekiunda alimeza duka zima la kengele za baiskeli. Nikacheka peke yangu humu ndani, kisha nikanyamaza ghafla, kwa sababu nilikumbuka ni kwa ajili ya sanduku hili la vijiko tumefika hapa tulipo.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza. Mwenyekiti wa kamati, yule mama wa daftari jekundu, alisema kwamba kinanda cha kengele kinatumika mara nne kwa mwaka, kinachukua nafasi ya wachezaji watatu, na kazi yake ingeweza kufanywa na vile vibao vya chuma vya kupangwa mezani na kupigwa kwa vijiti. Hakusema kwamba mimi pia nitaondoka, lakini hakuhitaji kusema. Mtu wa vijiti tunaye tayari, ni yule yule wa ngoma kubwa. Mikono yangu ni ya vibonyezo, haijui kitu kingine. Mwenyekiti akatoa nafasi moja: nieleze kwa maandishi kinanda hiki kimetoka wapi na kinaweza nini ambacho kingine hakiwezi, kisha yeye atakaa mstari wa mbele siku ya onyesho kubwa, asikie mwenyewe.

Nilikaa maktaba wiki mbili, na wewe ulinisomea kila ukurasa kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nilianza na minara. Nilieleza kwamba zamani kengele kubwa za minarani zilifungiwa nyaya, nyaya zikashushwa hadi kwenye mbao zilizopangwa mfano wa vibonyezo, na mpigaji akazigonga kwa ngumi, mji mzima ukasikia wimbo wake. Baadaye mafundi wakautamani mnara huo uingie chumbani. Wakaunda masanduku yenye kengele ndogo zilizopangwa kama vikombe kabatini, kila moja na kinyundo chake, na mbele wakaweka vibonyezo vya kinanda cha kawaida. Kisha vikombe vikaondolewa, vikawekwa vibao vya chuma, maana vibao havishindani kwa nafasi. Watunzi wa michezo ya kuimbwa wakakipenda kwa sababu ya ulaghai wake: mwigizaji anasimama jukwaani na kisanduku cha bandia, anajifanya anakipiga, kumbe mpigaji wa kweli amekaa mahali asipoonekana. Ulipofika hapo uliangua kicheko, ukasema kumbe tangu zamani kazi yangu ni kujificha nyuma ya pazia wakati mwingine ndiye anayetazamwa. Kaka, hukujua ulichokuwa unasema.

Nikaendelea na okestra. Nikaeleza kwamba nota zetu huandikwa chini lakini sauti hutokea juu sana, juu kuliko filimbi ndogo, ndiyo maana hata tarumbeta zote zikipiga kwa nguvu, kengele bado zinapenya. Nikakiri kwamba watu wa vijiti walitunyang'anya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu vibao vyao hubebwa kwapani na sauti yao ni kali zaidi. Nikakiri pia juu ya yule binamu yetu mpole, kinanda chenye vibao vilivyokaa juu ya visanduku vya mbao na vinyundo vilivyovikwa kitambaa laini, ambaye alipozaliwa watunzi wengi walimkimbilia. Sisi tukabaki na vipande vichache. Lakini ndani ya vipande hivyo kuna mahali pa nota nne kwa mpigo mmoja, tena kwa kasi, mikono yote miwili ikikimbizana. Mwenye vijiti viwili ataacha nusu yake. Ndivyo nilivyomaliza, na wewe ulisema kwamba mwenyekiti akisoma hapo atafunga daftari lake jekundu kwa aibu. Ulikuwa na imani na mimi kuliko niliyokuwa nayo mwenyewe.

Wiki ile ya onyesho nilishinda na kinanda changu. Nilisugua kila kibao kwa kitambaa kikavu. Nilipaka kifuniko nta mara mbili. Na nilifanya jambo jingine ambalo sikukwambia, kwa sababu niliona ni dogo: nilichukua karatasi zangu za nota za kile kipande kirefu cha mwisho, zile zilizochakaa, zenye madoa ya chai na alama za penseli za miaka saba, nikazinakili upya kwa wino mweusi kwenye karatasi nzito nyeupe. Nilitaka mwenyekiti akipita jukwaani baada ya onyesho aone kazi safi. Niliandika mpaka vidole vikakakamaa. Zilipendeza, Kaka. Mtu angedhani zimetoka kiwandani.

Siku ya mazoezi ya mwisho ilikuwa zamu yangu kumpeleka Mama kwa mtaalamu wa goti. Nilikuomba uende wewe, kwa kuwa sikutaka kukosa hata dakika moja mbele ya Mzee wa Fimbo. Hukuuliza mara mbili. Ulinipigia saluti, ukasema kwamba Bi Hesabu atahesabu kwa niaba ya wote wawili, ukaondoka na Mama. Jina hilo ulinipa nilipokuwa na miaka minne, kwa sababu nilikuwa siwezi kushuka ngazi bila kuzihesabu kwa sauti, nawe ukinishika mkono na kunisubiri nikikosea nianze upya.

Basi siku ile ulipokuwa na Mama, Mzee wa Fimbo alibadilisha kitu. Unajua mahali pale kabla ya mlipuko wa mwisho, ambapo okestra yote inanyamaza kipimo kizima, mapigo manne bila sauti, ndipo matoazi na kengele na tarumbeta vinaingia pamoja. Alisema kipimo kimoja hakitoshi. Akataka viwili, watu washike pumzi mpaka waone haya. Kila mtu akaweka alama kwenye karatasi yake. Na mimi nikaweka.

Mtu asiyetujua angeuliza kwa nini mpiga matoazi asitazame fimbo kama wengine. Huyo angekuja aone jukwaa letu, na nguzo ile, na ngoma kubwa, na wewe umebanwa katikati usione hata kiwiko cha kiongozi. Ndiyo maana miaka saba hii umekuwa ukikitazama kidole changu. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, juu ya kifuniko. Kikilala, wewe unapumzika. Kikiinuka, ni kipimo cha mwisho: unanyanyua matoazi, unahesabu manne, unapiga. Ulikuwa ukisema wapishi wawili huharibu chungu kimoja, kwa hiyo uliacha kuhesabu vipimo siku nilipoanza kazi hapa. Watu walikuwa wanakusifu kwa usahihi wako, na wewe unasema hapana, macho yangu tu ndiyo mazuri.

Siku ya onyesho unaijua, lakini acha niiseme. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, daftari magotini. Nilikuwa na vipimo themanini na vinne vya kukaa kimya kabla ya kuingia, na nilivihesabu vyote. Hilo sitaki ulitilie shaka. Mpiga filimbi akapiga sehemu yake vizuri, vayolini zikashuka, zikashuka tena, tarumbeta zikapandisha, kisha Mzee wa Fimbo akafunga mkono na kila kitu kikanyamaza. Ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mtu akifungua pipi upande wa kulia.

Halafu matoazi yako yakalia katikati ya kimya kile.

Sijawahi kusikia sauti kubwa namna ile. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwanamume mmoja akacheka, na wenzake wakamfuata. Mwenyekiti akaruka kitini, daftari likaanguka. Tulimaliza kile kipande, nami nilipiga nota zangu zote nne kwa nne bila kukosa hata moja. Mwenyekiti baadaye aliandika kwamba kinanda cha kengele kilisikika vizuri na kibaki. Juu ya matoazi aliandika mistari mitatu ambayo sitairudia.

Pale koridoni Mzee wa Fimbo alikuuliza kama hukusikia aliposema vipimo viwili. Ulimwambia kwamba hukuwepo, na kwamba hata hivyo wewe humfuati yeye, unamfuata dada yako, na dada yako alikuwepo. Kisha ulinigeukia. Hukuwa na hasira hata chembe, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Uliniuliza kwa upole kama niliinua kidole. Nikasema sikuinua. Ukanitazama, ukasema kwamba umekiona. Ndipo nikasema yale maneno: labda macho yako, Kaka.

Uliligusa jicho la kulia kwa kidole, taratibu, ukasema labda.

Wiki sita zimepita. Nilidhani utapewa onyo tu, tutacheka baadaye, maisha yaendelee. Nilijidanganya hivyo asubuhi na jioni. Kumbe wewe ulikwenda nyumbani na lile neno langu. Ukaandika barua ya kujiuzulu mwenyewe, kabla hata hujaitwa, ukisema mtu asiyeweza kuyaamini macho yake hana haki ya kusimama nyuma ya wenzake. Ukachukua familia mkaenda kwa wakwe. Uliponiaga stendi ulinipiga bega ukaniambia nikilinde kinanda, kwamba angalau mmoja wetu amebaki. Nilipanda ngazi za nyumbani siku ile nikizihesabu, nikafika juu sijui ni ngapi.

Kisha Jumatatu iliyopita ikaja barua ya wifi. Aliniandikia kwa siri, naomba usimgombeze. Alisema daktari wa macho amekupima mara mbili na kukuambia huna ugonjwa wowote, lakini wewe unasema mashine yake mbovu. Alisema umenunua miwani kwa muuzaji wa barabarani, na unaivaa hata ukila. Umeacha baiskeli. Umeanza kusoma herufi kubwa za matangazo kwa sauti mkipita mjini, kujipima. Yote hayo niliyasoma nikijipa moyo. Ila mwishoni aliandika kwamba Kifurushi anakulilia, kwa sababu umekataa kumbeba mkishuka ngazi. Ghorofa ya tatu, ngazi zisizo na mahali pa kushika, na wewe unasimama juu na kumpa mama yake, ukisema huwezi kuamini unachokiona chini ya miguu yako. Wewe, uliyempa jina la Kifurushi kwa kuwa hujawahi kumweka chini.

Niliisoma barua hiyo nimesimama jikoni. Mama aliniuliza nini, nikasema moshi.

Sasa nimefika, Kaka, na sina tena pa kujificha. Kidole kiliinuka. Ulichokiona ndicho kilichotokea. Niliinua kidole mwanzoni mwa kipimo cha kwanza cha kimya badala ya cha pili, kwa sababu mbele yangu palikuwa na zile karatasi nyeupe nilizonakili kwa wino, na nilizinakili siku mbili kabla ya mazoezi ya mwisho. Ile alama ya vipimo viwili niliiandika kwa penseli kwenye karatasi chakavu za zamani, kwa sababu mazoezini nilitumia hizo ili zile mpya zisichafuke. Karatasi chakavu nilizifungia kwenye droo, ili mwenyekiti asione madoa ya chai. Mtu yeyote wa kazi yetu anajua kwamba zile alama za penseli ndizo zinazotuongoza jukwaani, nami niliziacha kwenye droo kwa ajili ya usafi. Nilipoona matoazi yako yananyanyuka ndipo nikakumbuka. Nilikuwa na mapigo matatu ya kukishusha kidole. Sikukishusha. Niliganda. Na vibonyezo vyangu sikuvigusa, kwa hiyo kengele hazikulia, na hakuna mtu katika ukumbi ule aliyejua isipokuwa wewe.

Pale koridoni nilikuwa nakijua kila kitu. Siyo kwamba nilichanganyikiwa. Niliona daftari jekundu likija upande wetu, nikaona kinanda kinabebwa mlangoni, nikajiona na mimi nafuata nyuma, nikafungua mdomo. Na sikuishia kusema hapana. Nilikutafutia sababu. Nilikupa ugonjwa ambao huna, ukaupokea kwa kuwa ni mimi niliyekupa. Ningekuibia kitu kingine chochote ningeweza kukirudisha.

Ijumaa niliandika barua kwa kamati, kurasa mbili, nikaieleza yote kama nilivyokueleza. Nilimpa katibu mkononi, na nilisubiri mpaka ameandika tarehe na kugonga muhuri, kwa kuwa nilijua nikitoka bila muhuri nitarudi kuichukua. Kisha nikaenda kwa Mzee wa Fimbo ofisini. Alinisikiliza akiwa amesimama. Hakufoka. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama wewe umeshajua. Nilipomwambia bado, alivua miwani yake akaifuta muda mrefu, akaniambia kwamba hapo ndipo nilipopaswa kuanzia. Akaniambia pia kwamba hawezi kuniahidi chochote kuhusu Alhamisi, wala kuhusu mimi, wala kuhusu kinanda, ila barua yako ya kujiuzulu yeye hatakubali isomwe kabla ya yangu.

Kwa hiyo nangoja. Silali vizuri, nakula kwa kulazimishwa na Mama, ambaye bado hajui. Nitamwambia leo jioni, nikishaituma hii. Namwogopa Mama kuliko kamati. Wewe nakuogopa kuliko wote, na bado sijui niogope nini hasa, maana sijawahi kukuona umenikasirikia. Kasirika. Nakuomba ukasirike kweli, usinifanyie utani, usiseme ni mambo ya kazi. Ukitaka kukaa mwaka mzima bila kuniandikia, nitakuelewa, mradi umwandikie Mama.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Kamati nimewapa nakala yake, hii yenyewe ni yako. Ni ukurasa wa mwisho wa nota zangu za zamani. Tafuta chini, upande wa kulia, karibu na doa la chai linalofanana na sikio. Kuna neno moja kwa penseli hafifu, nimeliandika dogo kwa haraka ya mazoezi, dogo kuliko herufi zozote za matangazo ya barabarani: viwili. Lisome bila miwani. Kisha mpe wifi miwani hiyo aitupe.

Mama anakusalimu sana, na akishasikia habari hizi atakusalimu zaidi na mimi hatanisalimu kabisa. Mpiga filimbi anakusalimu, na mfagiaji, na hata yule wa ngoma kubwa, ambaye amekiri mbele ya watu kwamba matoazi yana uzito asioujua. Wasalimie wakwe. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na umshukuru kwa kuniandikia. Siku ya harusi yako nilizihesabu ngazi za kwa wakwe zako, ni kumi na nane kila ghorofa, na hamna hata moja iliyovunjika. Ukimaliza kusoma, Kaka, nenda kamchukue Kifurushi, mbebe wewe mwenyewe, ushuke naye mpaka chini.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja. Lile jina ulilonipa sitalitia sahihi hapa mpaka uniite nalo tena.